Shangazi, mwenzangu anaongea Kichina, mimi naitikia kwa kichwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko kwenye chuo cha kuandaa wamisionari. Barua ya kupangiwa huduma ilipokuja nilikuta napelekwa kwa watu wanaozungumza Kichina, kwa hiyo mafunzo yangu yote ni kwa lugha hiyo. Nilishangilia sana. Sasa hivi natamani ningepangiwa kwingine kokote.

Siku zetu zinafanana. Tunaamka kabla ya alfajiri, kila mtu na sala yake, kisha usafi wa bweni, kifungua kinywa, halafu darasa la lugha mpaka mchana. Laoshi, ndivyo tunavyomwita mwalimu, akishaingia mlangoni haruhusu lugha nyingine. Mchana ni mazoezi ya kutembelea watu: yeye anakaa nyuma ya meza anajifanya mwenye nyumba, sisi tunabisha hodi wawili wawili, tunasalimia, tunazungumza naye habari za imani, tunafunga kwa sala. Jioni ni kujisomea hadi taa zizimwe. Simu tumekabidhi, tunapewa siku moja tu katika juma, ile ya kufua na kuandikia nyumbani.

Kila mwanafunzi amepangiwa mwenzake na hamwachani, iwe darasani, mezani au kanisani. Wangu ni mdogo kwangu kwa umri lakini Kichina kimemwingia. Tukibisha hodi yeye ndiye anayesalimia, yeye anayeuliza, yeye anayeeleza. Mimi nakaa pembeni, natabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nikithubutu kuanza sentensi ananimalizia kabla sijavuta pumzi. Najua hana nia mbaya. Lakini nimeanza kumchukia, Shangazi, na tunalala chumba kimoja na kuomba pamoja.

Ilianza wiki za mwanzo. Niliitwa nifungue kipindi kwa sala. Nikafumba macho, nikamwita Bwana kwa Kichina, darasa zima likaangua kicheko. Kumbe Bwana ni zhǔ, sauti ikiwa chini. Mimi nilisema zhū, sauti ikiwa juu, yaani nguruwe. Nilimwita Mungu nguruwe mbele ya watu wazima na akili zao. Laoshi aliwanyamazisha, akasema si kitu. Kwangu mimi ni kitu. Tangu siku ile nimekariri sala moja, nikaifanyia mazoezi mpaka haina kosa, na ndiyo hiyo hiyo ninayosali kila nikiitwa. Juzi nimesema amina tu, Laoshi akaniuliza kwa Kichina chepesi kabisa nimemwombea nani. Nikaduwaa. Mwenzangu akajibu kwa niaba yangu.

Nyumbani hawajui. Mama aliomba video nikiongea Kichina, nikamtumia ile sala. Ameisambaza kwenye kundi la ukoo, sasa wajomba wananiita "Mchina wetu".

Si kwamba mimi ni mvivu. Kila jioni nanakili herufi za Kichina mpaka vidole vinakufa ganzi, madaftari yamejaa. Laoshi anausifu mwandiko wangu. Ila mdomo haufunguki. Viongozi wananitia moyo kwamba hata Musa alikuwa mzito wa kusema. Hiyo naijua tangu shule ya Jumapili na haijanisaidia.

Nauliza mambo mawili. Kama kweli Mungu ndiye aliyeniita, mbona hanifungulii ulimi? Na je, niombe kubadilishiwa nipelekwe kwa watu wa lugha ninayoijua, au nitaonekana nimeshindwa?

Wako,
Ulimi Mzito


Marahaba mwanangu,

Nianze na madaftari, kwa sababu hapo ndipo ulipojitetea na hapo ndipo nilipokukamata. Unasema si mvivu, nami nakubali. Lakini tazama kazi uliyoichagua katika kazi zote za kujifunza lugha: ile inayofanywa kimya, peke yako, kichwa kimeinama, mbele ya daftari lisiloweza kucheka. Umepata pa kujificha penye heshima. Anayepita anakuona unanakili, anasema binti huyu ana bidii, na wewe mwenyewe unapanda kitandani umechoka kihalali. Huku mdomo umepumzika tangu asubuhi.

Sisemi herufi hazina kazi. Utazihitaji siku utakapofungua Maandiko na mtu mkasome pamoja. Lakini siku hizi hata China bara wenyewe, wengi wao wakiandika kwenye simu, huandika matamshi kwa alfabeti ya Kilatini, ule mfumo wa pinyin uliopitishwa mwaka 1958, simu ikawaletea herufi wakachagua. Kinachotakiwa kwanza ni kuitambua herufi ukiiona. Hakuna mwenye nyumba atakayekufungulia mlango akakudai mwandiko. Na je, umeuliza huko unakopelekwa wanaandika kwa mtindo upi? Taiwan na Hong Kong wameshikilia herufi za zamani zenye mistari mingi. China bara na Singapore wanatumia zilizorahisishwa. Isijekuwa vidole vinakufa ganzi kwa herufi ambazo si za huko. Kuanzia kesho, nusu ya muda wako wa jioni uondoe kwenye kalamu uupeleke kwenye sauti. Kama bwenini unaona haya, nenda uani na huyo mwenzako, usome kwa sauti kama unasomea watu.

Sasa la nguruwe. Nimecheka, mwanangu, utanisamehe, ila sikukucheka wewe. Fikiria ulivyotamka. Sisi tukimwita Mungu katika sala tunapandisha sauti na kuivuta: Ee Bwanaaa! Ukaichukua sauti hiyo hiyo ukaipeleka kwenye neno la Kichina, ikakaa juu ikanyooka, na hiyo ndiyo toni ya kwanza yenyewe, toni ikiwa ni ule mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno la Kichina. Ulimwita kwa unyenyekevu wote wa Kiswahili, ikatoka vile. Mchina anayekusikia ukisali, umefumba macho, neno linalofuata ni Yesu, hawezi kudhani unamzungumzia nguruwe. Atatabasamu, ataelewa, mtaendelea. Kama kuna kufuru katika kisa hiki mimi siioni, na naamini uliyekuwa unamwita haioni.

Toni ya tatu, ambayo ndiyo ya zhǔ, vitabu huichora kama bonde, inashuka kisha inapanda. Wanafunzi wanahangaika kuizungusha sauti mpaka shingo zinapinda. Katika maneno ya kawaida mara nyingi hushuka tu ikabaki huko chini. Iteremshe mpaka kifuani, kama mtu anayeguna. Jaribu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Kuna mazoea mengine mawili yetu ambayo yaelekea yanakuangusha bila wewe kujua. Kiswahili hakina toni, lakini sauti tunaitumia sana kuuliza. "Amefika" na "amefika?" hazina tofauti yoyote ya maneno, ni sauti tu iliyopanda mwishoni. Kichina kina neno lake la kuulizia, ma, linakaa mwisho wa sentensi, na maneno yaliyotangulia yanatakiwa yabaki na toni zao zile zile. Sisi hatuwezi kujizuia, tunapandisha. Kuuza ni mài, sauti inashuka kwa kishindo. Ukitaka kumuuliza mtu kama anauza, ukapandisha kwa mazoea, umesema mái, umemuuliza kama anazika. La pili ni mkazo: Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, nawe bila shaka unaivuta hivyo hivyo silabi ya Kichina, ukiipa uzito isiouomba na kuinyang'anya jirani yake toni. Mwambie Laoshi akusikilize mambo hayo mawili tu kwa juma zima, mengine ayaache. Na usijifunze toni kwa silabi moja moja. Jifunze kwa maneno ya silabi mbili, maana ndivyo lugha inavyosemwa, na toni zikikutana hubadilika. Hata nǐ hǎo, salamu ya kwanza uliyofundishwa, imeandikwa toni ya tatu mbili lakini ya kwanza hutamkwa ikipanda.

Usisahau pia una mtaji. Wanafunzi kutoka lugha nyingine hulia na yale maneno ya kuhesabia, kwamba kitabu kinahesabiwa kwa běn, karatasi na meza kwa zhāng, samaki na barabara kwa tiáo. Wewe umekulia ndani ya ngeli. Kugawa vitu katika makundi hakukutishi. Na vitenzi vya Kichina havinyambuliki hata kidogo. Mchina anayejifunza Kiswahili ndiye wa kuonewa huruma hapo.

Ile sala uliyoikariri iache. Sisemi ni mbaya. Kama imeshonwa kwa maneno ya Biblia, itakuwa na lugha ya ile tafsiri iliyotoka mwaka 1919, wanayoiita Heheben, ambayo Waprotestanti wengi wa Kichina wanaisoma mpaka leo. Ni lugha nzuri, ina heshima yake, ila ina umri wa zaidi ya karne, na mtu hawezi kuitumia kuulizia mtoto anaendeleaje. Ndiyo maana Laoshi alipouliza swali la kawaida ulikosa pa kushika: ulikuwa umesema maneno mengi na hakuna hata moja lililokuwa lako. Kesho ukiitwa, sali sentensi chache, fupi kama za mtoto. Asante kwa siku hii. Mama yangu ana maumivu ya mgongo, msaidie. Mwenzangu ana mtihani, mpe utulivu. Amina. Mtaje mtu kwa jina. Itakuwa sala ya aibu kwa sarufi, na utakapoulizwa umemwombea nani utajibu, kwa sababu unamjua.

Tuje kwa mwenzako. Umesema wanakuhubiria habari za Musa na ulimi wake mzito. Sishangai haijakusaidia, maana huwa wanaishia pale Musa anapopewa Haruni awe msemaji wake, kana kwamba huo ndio mwisho mwema. Endelea kusoma. Musa alipokawia mlimani, ni Haruni huyo huyo, mwenye ufasaha, aliyewatengenezea watu ndama wa dhahabu. Na kile kitabu cha Kumbukumbu la Torati karibu chote ni Musa anahutubia, yule yule aliyesema hawezi kusema. Sitaki kumwita binti wa watu Haruni, ila mpango wenu mmoja aseme na mwingine atabasamu unawaharibu wote wawili. Siku akiugua homa mtafanyaje mlangoni? Na umewahi kufikiri kwamba huenda naye amechoka? Zoezi la watu wawili analifanya peke yake, halafu jioni anarudi chumbani na mtu anayemnunia bila kumwambia kosa lake.

Mwambie. Usimwambie unamchukia, kwa sababu nadhani humchukii. Unauchukia ule ukimya wako ukiwa karibu naye. Sema hivi: "Mdogo wangu, naomba kesho nikikwama uninyamazie. Usinimalizie. Nikikugeukia kukutazama, ndipo unisaidie." Kisha mgawane: salamu na maswali ya mwanzo ni yako, maelezo ya katikati ni yake, sala ya kufunga mnapokezana. Mjulishe Laoshi, ili ile kimya yako ya kutafuta neno aivumilie. Itakuwa ndefu. Mezani hapo itaonekana kama mwaka. Vumilieni wote watatu.

Na kwa vile mnakaa wote kutwa, mpe kazi ya masikio. Wewe tamka zhǔ au zhū, mài au mái, bila kumwonyesha ulichokusudia, yeye aseme amesikia ipi. Akikosea, si yeye aliyekosea. Zoezi hili halihitaji simu, mnaweza kulifanya mkifua. Atacheka, nawe utacheka, na kicheko mnachokichezea wenyewe hakina sumu ya kile cha darasani.

Umeuliza kwa nini Mungu hakufungulii ulimi. Mimi si msemaji wake. Ninachoweza kukupa ni vipimo vya binadamu. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hutenga wiki 36 kwa Kiswahili na wiki 88 kwa Kichina, yaani saa 2,200 darasani, na hao ni watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo tu. Wewe upo kwenye mafunzo ya muda, yaliyochanganywa na ibada, usafi na mazoezi ya kuhubiri. Chuo chako hakikuandai uongee kama mwenyeji. Kinakuandaa uweze kuanza. Robert Morrison, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kule China, alifika Guangzhou mwaka 1807, wakati serikali ilikuwa imepiga marufuku kuwafundisha wageni lugha, na walimu wake walimfundisha roho mkononi. Alimbatiza mtu wa kwanza mwaka 1814. Biblia nzima aliyoitafsiri na mwenzake ilitoka mwaka 1823. Sijui kama kuna aliyemwambia mwaka wa pili kwamba huenda hakuitwa.

Kuhusu nyumbani, sikutumi ukatubu kwenye kundi la ukoo. Siku ya simu ikifika, mpigie mama peke yake, umwambie Kichina ni kigumu na kinakutoa jasho. Ana haki ya kujua anakuombea nini. Kisha mtumie video nyingine, fupi, yenye makosa. Wajomba hawatajua tofauti. Wao hata ukisoma orodha ya nguo za kufua wataandika amina.

Sasa kubadilishiwa. Kuomba si dhambi wala si aibu, na wapo waliobadilishiwa wakafanya kazi njema huko walikokwenda. Ila usiombe leo, kwa sababu leo huwezi kujua unachokikimbia ni Kichina au ni kicheko cha siku moja. Kila chuo kina siku zake za kupima wanafunzi kuongea. Fanya haya niliyokwambia mpaka kipimo kijacho, bila sala ya kukariri na bila kumaliziwa sentensi. Ukiona hata hapo koo linafunga, usingizi unapotea, chakula hakipiti, basi nenda mwenyewe kwa mkuu wa mafunzo, Laoshi akiwepo, useme kama ulivyoniandikia mimi. Usimtume mwenzako akusemee.

Kabla ya hapo nenda ofisini ukaulize unapelekwa nchi gani hasa, maana kwenye barua hukutaja. China bara mgeni haruhusiwi kuwahubiria wenyeji na kuvuta waumini, kwa hiyo yaelekea ni pengine: Taiwan, Malaysia, Singapore, au kwa Wachina waliohamia nchi nyingine. Penye Wachina wa Malaysia na Singapore utakuta pia Kihokkien na Kikantoni, ambavyo navyo ni Kichina cha aina nyingine, na watu wengi wanaoongea Kiingereza kidogo au sana. Jibu la swali lako la kuhama linategemea hilo kuliko unavyodhani. Ukishalipata, niandikie tena.

Shangazi